Ulimi wa Mpishi Mkuu

Felician alikuwa mpishi mkuu wa nyumba ya wageni ya mashamba ya ngano, chini ya mlima Hanang, na kusema kweli ukuu ulimkaa. Jikoni mle kila mtu alikuwa na lake. Bura alikata nyama na mboga, Fabiola alioka mikate, na Letisia, msaidizi wa Mkuu, alisimamia meko yote. Mkuu mwenyewe alipanga chakula cha juma, akagawa kazi, akagomba, na mwisho wa yote akaonja. Amri yake ilikuwa moja: hakuna sahani inayovuka mlango kabla ulimi wake haujaipitisha.

Basi ulimi wenyewe ulikuwa umekufa. Mwezi wa Novemba homa ilimlaza wiki tatu, akaamka hajui chumvi wala sukari, hasikii harufu ya kitunguu wala ya chakula kinachoungua. Mtu mwingine angesema. Huyu mtu wa Bukoba, aliyepika katika mahoteli ya Arusha na kuvaa kofia ndefu nyeupe hata siku isiyo na wageni, aliona afadhali afe kuliko kuambiwa hafai. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini nani huwasikiliza wahenga akiwa na kofia kama ile kichwani?

Aliyejua alikuwa Letisia peke yake. Binti huyu wa mzee Akonaay, wa kijiji cha Maretadu, aliingia jikoni kuosha masufuria, na Felician ndiye aliyemfundisha mpaka akawa wa pili wake. Hakumuuliza kitu. Siku moja tu alionja mchuzi kwanza, akasimama mkono wa kulia wa mzee, akasema, "Mkuu, naomba uonje." Wakaelewana hivyo. Akisimama kulia, chakula kimekolea. Akisimama kushoto, kuna kasoro. Felician alionja, akatikisa kichwa, akatoa amri. Miezi minane ikapita, asishtuke mtu.

Siku ya kuanza mavuno walikuja wakubwa kutoka wizarani, pamoja na wataalamu wa kigeni. Asubuhi ileile meneja aliingia jikoni.

"Letisia, twende shambani. Mpishi wa madereva wa kombaini anaumwa."

Letisia alimtazama Felician. Hapo ndipo Mkuu alipopaswa kusema kwamba anamhitaji. Alisema, "Nenda, mama. Mimi nipo."

Mwaka ule chumvi ya dukani ilikuwa haipatikani. Ile kidogo waliyokuwa nayo ilikaa katika kopo la maziwa ya unga, na kopo jingine la aina hiyohiyo lilikuwa na magadi ya ziwa Balangida, yaliyosagwa kwa kulainishia makande ya wafanyakazi. Kila mpishi aliyatofautisha kwa ncha ya ulimi. Felician alifungua kopo, akachovya kidole, akalamba mbele ya wote, akasema, "Safi." Kisha akakoleza supu, akakoleza na nyama, tena kwa mkono mkunjufu kwa sababu ya wageni.

Kijiko cha kwanza kilitosha. Mgeni mmoja alitema kwenye kitambaa. Mwingine aliuliza kwa upole kama sufuria lilisuuzwa sabuni. Wakubwa wa wizara wakashindia mkate mtupu na chai.

Letisia aliporudi jioni, vumbi la ngano limemjaa kichwani, alikuta meneja amewapanga wenzake mstari.

"Nani alionja chakula hiki?"

Felician alirekebisha kofia yake. Bura na Fabiola, waliomwona akilamba kidole, waliinamisha vichwa. Hawakuzoea kumsuta mkubwa wao. Letisia alitazama yale makopo mawili mezani, akaelewa.

"Ni mimi, Bwana Meneja," alisema. "Nilikoleza kabla ya kuondoka, nikamwambia Mkuu kila kitu kiko tayari."

Akageuka kumwangalia Felician. Alimwangalia muda mrefu. Felician aliangalia viatu vyake.

Meneja alimfukuza palepale.

Siku nne Mkuu alipika kwa kubahatisha, na kila sahani iliyorudi imejaa ilimchoma moyo. Siku ya tano alivua kofia, akaenda ofisini, akasema yote. Meneja alimvutia kiti.

"Mzee, ungesema mapema ningekupa stoo, na yeye ningempa jiko. Tusingempoteza mtu."

"Nitamfuata."

"Mfuate. Mwambie jiko ni lake."

Felician alipanda lori la ngano mpaka Dongobesh, na kutoka hapo akatembea kwa miguu. Alimkuta Letisia uani kwao, akipura maharage kwa fimbo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama."

Alimpa kigoda na kikombe cha maziwa, kama inavyopasa. Mzee akaeleza: amekwisha kukiri, ameacha kazi, na sasa yeye Letisia anaitwa awe mpishi mkuu. Alidhani uso wa binti ungefunguka. Haukufunguka.

"Mzee, nilipojisingizia sikutaka kufukuzwa. Nilidhani utanikatalia. Nilidhani utasema, hapana, huyu hakuwepo. Nilikungoja useme."

"Niliogopa, mwanangu."

"Najua. Miezi minane niliiona hofu yako, nikaihurumia. Siku ile mimi pia niliogopa, na wewe hukunihurumia."

Felician aliweka kikombe chini. Angetukanwa ingekuwa nafuu.

"Jiko apewe Fabiola," Letisia alisema. "Mimi sirudi."

Kisha akamsindikiza mpaka njia ya Dongobesh, kama mgeni mwingine yeyote, akarudi kwenye maharage yake.