Mipopla ya Marzia

…“haijafika harusi, haikatwi, basi,” ndivyo Nello, mume wa Argia, alivyomjibu yule bwana wa uwanja wa ndege aliyekuja kutaka miti iliyo kwenye njia ya ndege ikatwe, kofia kichwani, hata kiti hakumpa, na Argia akikoroga polenta, ugali wa mahindi, kama anavyoikoroga sasa, maana polenta ukiiacha imeshika chini, na ukungu umeziba dirisha, hata banda la kuku halionekani, na huko juu, mama yangu wee, ndege inanguruma, ni yake, saa hizi ni yake Marzia, mjukuu aliyepandiwa mipopla siku aliyozaliwa, safu nzima, ikatwe siku ya kuolewa iwe mali yake ya kwenda nayo kwa mume, naye hakuolewa, akaenda kurusha ndege, miti nayo ikarefuka tu, ikarefuka… “Nonna, kwenye ukungu nashuka kwa vipimo, sioni kitu,” alimweleza bibi yake palepale mezani, mdomo umejaa mkate, “kuna kimo nikifika sijaona taa za uwanja napanda tena, juu ya kimo hicho wamenihakikishia hakuna cha kunigusa, chini yake hakuna anayeniahidi kitu,” na yule bwana aliipima lini ile miti, si kabla ya mvua za miaka yote hii, nani anajua imefika wapi… “Argia, unaunguza,” anasema jirani yake Iside, ananyonyoa kuku, “na huyo Nello wako anasubiri bwana harusi gani, Papa wa Roma?” na Argia angecheka, lakini mngurumo unashuka, unashuka, vikombe vinatetemeka kabatini, panda mwanangu, panda, atapiga kelele nani amsikie, mkono umeng’ang’ania mwiko, halafu sauti inakaza, inapanda, inapotea kwenye weupe, kapanda, ahsante Mungu, kapanda… na sasa inazunguka, inarudi, atajaribu tena, juu ya miti ileile, na lile gauni jeupe ambalo Argia amelishona kichwani tangu mtoto yuko kwenye nepi, analiona likining’inia huko kwenye ncha za mipopla, limemngoja, litamnasa, na anajua yeye mwenyewe hatalitaka tena, kamwe, mwiko unazunguka, ndege inazunguka, “Iside, weka kuku chini, nenda kwa Nello huko kwenye kuni, mimi hanisikii, mwambie wewe, mwambie Argia kasema mtoto haolewi, harusi hakuna, achukue msumeno.”