Hakutaka, Hakuweza

Darasa la Kiingereza la wazee pale Sangju, Korea Kusini, lilikuwa na wanafunzi tisa, na hakuna aliyemshinda Bibi Pil-nyeo kwa bidii. Umri miaka sabini na mmoja, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa matunda ya persimoni. Alikuwa na sababu. Mjukuu wake Nora, aliyezaliwa Kanada na asiyejua Kikorea, alikuwa amemwandikia barua: kwa nini Babu hakuja kutuona hata siku moja?

Babu alikuwa amezikwa majira ya kuchipua. Binti yao Mi-ok, mama yake Nora, alikuja peke yake kutoka Kanada, akazika, akarudi.

"Mwalimu," alisema Pil-nyeo, "hawa couldn't na wouldn't wananichanganya. Mapacha watupu."

"Couldn't ni hakuweza, bibi," alijibu Mwalimu Hye-ran. "Wouldn't ni hakutaka. Uwezo alikuwa nao, akagoma."

"Mume wangu na vyombo vichafu!" alidakia Jeom-rye, jirani yake wa dawati. "Huyo ni wouldn't tangu siku ya harusi!"

Darasa zima likaangua kicheko. Pil-nyeo hakucheka.

Nyumbani aliandika kwamba Babu couldn't, akaitazama karatasi. Ndiyo maneno aliyomwambia Mi-ok kwenye simu kwa miaka kumi na mmoja: baba yako hawezi kuja, mgongo unamsumbua, hawezi, mavuno hayajaisha. Ukweli ni kwamba Mi-ok alipoolewa na mgeni, mzee alisema, "Sina binti," kisha akaendelea kumenya persimoni zake.

Akaichana karatasi. Kesho yake alimfuata mwalimu kabla ya kipindi.

"Nikimwandikia mtoto kwamba babu yake hakutaka, si nitamuumiza?"

"Bibi, mimi najua sarufi tu. Mzee mwenyewe unamjua wewe."

"Mwaka juzi alitoka bila kuniaga," alisema Pil-nyeo. "Kumbe kaenda kupiga picha ya pasipoti. Pasipoti ikatoka. Wiki ya pili akapooza upande mmoja. Akaniapisha nisimwambie mtu habari ya pasipoti, anaona haya."

Mwalimu alimsogezea karatasi safi na kalamu.

Bibi aliandika kwa herufi kubwa, ulimi nje kama mtoto. Kwanza Babu wouldn't. Alikosea sana. Halafu akachukua pasipoti. Halafu akaugua, akawa couldn't. Mwalimu alisahihisha nukta moja tu.

Siku ya kumi na mbili baada ya kuituma barua, Pil-nyeo akiwa anaosha bakuli la kifungua kinywa, simu iliita.

"Mama," alisema Mi-ok, "nimemsomea Nora barua yako. Miaka yote hiyo ulikuwa unanidanganya."

"Nilikudanganya, mwanangu. Nisamehe."

"Kwamba hakutaka nilijua siku zote. Hukuwahi kujua kudanganya, mama." Akashusha sauti. "Ya pasipoti ndiyo sikuijua."

"Ipo kabatini."

"Kwenye picha kavaa nini?"

"Tai ya mume wa Jeom-rye. Aliazima. Nayo ina doa la pilipili ya kimchi, hakuliona."

Mi-ok alicheka, kicheko kikageuka kilio. Pil-nyeo alikaa sakafuni na mikono yake yenye povu, simu kaibana kwa bega, akamwacha mwanawe alie mpaka atosheke.