Kaburi Alilolifagia Bi Mwaija

Kwa miaka kumi na miwili Bi Mwaija alifagia kaburi la mumewe kila Alhamisi asubuhi, na kama Handeni ingeandaa mashindano ya wajane, angejipa kombe mwenyewe bila kusubiri majaji. Fagio lake la chelewa lilikuwa la makaburini tu, halikugusa ua mwingine. Aling'oa magugu, akapunguza matawi ya mnyaa uliopandwa kichwani mwa kaburi, na kiangazi kikizidi akaja na birika la maji. Kisha alikaa chini, akanyoosha goti lile bovu, akaanza kumpa marehemu habari za wiki nzima.

Kwa hiyo uongozi wa kijiji ulipotangaza kwamba makaburi yatazungushiwa uzio, na langoni litawekwa bango la majina ya watu mashuhuri waliolala humo, hakuuliza kama mumewe atakuwemo. Aliuliza atakuwa wa ngapi. Alikuwemo Maalimu Sharifu, aliyefundisha nusu ya kijiji kusoma. Alikuwemo mkunga aliyewapokea duniani karibu wote wanaopiga kelele pale sokoni leo. Na Hashim wake je? Fundi visima, ambaye kisima chake hakikukauka hata mwaka ule ng'ombe walipokuwa wakifia barabarani!

Bango lakini lilikuwa la kujidai tu. Lililomnyima usingizi lilikuwa jingine. Nafasi zilibaki chache, na mjane aliyetaka kuzikwa jirani na mumewe alitakiwa aonyeshe kaburi mbele ya shahidi, kigingi kipigwe siku hiyo hiyo. Asiyeonyesha angelazwa upande mpya, kule bondeni, ambako masika hata vyura hulalamika.

Siku ilipofika, Bi Mwaija alivaa kanga mpya akawahi kabla ya watu wote. Afisa mtendaji, binti wa Kisambaa kutoka Dindira aitwaye Upendo, alimkuta amesimama kando ya kaburi kama mwenye duka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Andika. Hashim, fundi visima. Ndiye mashuhuri kuliko wote, ila kwa unyenyekevu mweke wa pili."

Upendo akacheka, akaandika. "Pasafi hapa! Siku ya mazishi ulisimama upande gani, bibi?"

"Kusimama? Sisi wanawake hatufuati jeneza, mwanangu. Wanaume ndio wanaokwenda kuzika. Mimi nilikuwa ndani kwenye mkeka."

"Sasa ulijuaje kuwa ni hapa?"

"Nilipotoka eda shemeji yangu alinionyesha."

"Alikuleta mpaka hapa?"

Bi Mwaija akakohoa. Kwa kweli Rehani, mdogo wake Hashim, hakumleta popote. Alikuwa barabarani juu ya baiskeli, anaogopa kuachwa na basi la Korogwe, akaelekeza kwa kidevu tu: "Pale shemeji, penye mnyaa." Na yeye akaja penye mnyaa. Hakuona haja ya kuuliza mara mbili. Tangu darasa la kwanza hakuwahi kuona haja hiyo, ndiyo maana hesabu ilimpita kando.

Rehani mwenyewe ndiye aliyekuwa shahidi. Alifika kwa bodaboda kutoka Mashewa, vumbi mpaka kwenye nyusi, akasalimia, kisha akapita.

"Shemeji, mbona unanipita?"

"Naenda kwa kaka."

"Si huyu hapa?"

Rehani akageuka, akalitazama lile kaburi lililong'aa. "Huyo ni Mustapha."

"Mustapha yupi?"

"Mustapha yupi tena? Mchinjaji!"

Bi Mwaija akarudi nyuma hatua mbili. Mustapha wa buchani! Yule aliyemfungia mifupa mitupu mkesha wa Idi, naye Bi Mwaija akaapa mbele ya foleni nzima kwamba hatamsemesha tena maisha yake yote. Kiapo alikishika mpaka jamaa akafa, wiki mbili kabla ya Hashim. Baada ya hapo ndiyo akamsemesha kila Alhamisi, miaka kumi na miwili! Jino lililong'olewa, harusi ya mjukuu, majirani wote kwa majina. Tena kuna siku alilia akakiri kwamba ile redio ya Hashim haikuharibiwa na panya, aliidondosha yeye kwenye ndoo. Mchinjaji alikuwa anasikiliza tu.

"Na kaka yako yuko wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Rehani akaelekeza kwa kidevu, hatua nne kutoka pale.

"Nyanyua mkono, Rehani! Hicho kidevu chako kimeshaniponza."

Rehani akanyoosha mkono. Pale palikuwa na kichuguu upande mmoja, na katikati rundo kubwa la magugu makavu. Bi Mwaija alilijua vizuri. Kila aliporudi nyumbani alilitupia rundo hilo uchafu wote wa kwa Mustapha.

Upendo akashusha kalamu. Kisha Bi Mwaija akaanza kucheka, mpaka kanga ikamdondoka kichwani. "Astaghfirullah! Upendo, andika na langu kwenye bango: Mwaija, mashuhuri kwa kumfukia mumewe mara ya pili."

Walifukua wote watatu. Chini kabisa kilikuwepo kisiki cha mnyaa uliooza, na mawe matatu meupe.

"Haya niliyapanga mimi," alisema Rehani, akayapangusa kwa kiganja. "Nisamehe, shemeji. Ningeshuka kwenye baiskeli."

"Na mimi ningeuliza." Akainama karibu na mawe. "Assalaam alaikum, Hashim. Ni Mwaija. Usiulize nilikuwa wapi."

Upendo alishika kigingi na nyundo, akatazama huku na huku. Upande wa kichuguu hapakuwa na nafasi. Iliyobaki ilikuwa moja, kati ya Hashim na Mustapha.

"Shemeji, utakubali kulala na mchinjaji ubavuni?" aliuliza Rehani.

Bi Mwaija akalitazama lile kaburi safi, akalitazama na lile lenye vumbi. "Yule nimeshamzoea. Huyu wangu ndiye nitakayeanza naye upya. Haya, piga hapo."

Upendo akanyanyua nyundo.

"Taratibu, mwanangu," alisema Bi Mwaija. "Sina haraka napo."