Nafasi ya Sheryl

Watu wa kijiji cha Kombewa, huko Seme, walifika mapema mno, kama ilivyo desturi ya watu waliovaa nguo mpya. Gari la kanisa liliwashusha mlangoni pa ukumbi mmoja wa Milimani, mjini Kisumu, wakati wanamuziki bado wanapanga viti. Wakajaza safu zote za mbele, wakavua viatu vilivyowabana, wakatulia. Jua la alasiri lilikuwa limelala juu ya ziwa. Madirisha yalikuwa wazi, na huko chini magugu-maji yalisogea polepole hivi kwamba ukiyakodolea macho sana uliona ni ufuo wenyewe unaoondoka.

Beldina aliketi katikati yao, kando ya mama yake. Muziki wa siku hiyo alikuwa ameutunga yeye. Okestra ile ina mtindo wake: haigusi nyimbo za wazungu waliokufa zamani, hupiga kazi mpya tu, za watu walio hai, ambazo ukizisikia mara ya kwanza unaweza kuapa kwamba bado wanajaribu vyombo. Usicheke. Ukizipa muda zinakuingia, na ukija kuzinduka umesahau hata ulikoacha baiskeli.

Kazi yenyewe iliitwa "Asubuhi", na hakuna aliyemwambia mama ni asubuhi gani. Ilikuwa ya Sheryl, dada mkubwa, ambaye ugonjwa wa selimundu ulimchukua mwaka juzi, mvua zikianza. Tangu siku ya mazishi, mama yao Apiyo hakulitaja tena jina la Sheryl. Zamani kijiji kizima kilimwita Mama Sheryl, maana ndiye kifungua mimba wake. Kaburi lilipofukiwa, akaacha kuitika. Ungeita hadi ukauke koo. Basi majirani, kwa huruma zao, wakaanza kumwita Mama Beldina.

Na hilo, jamani, lilimchoma Beldina kuliko kilio chote cha matanga. Kila walipomwita mama hivyo aliona anakalishwa kwenye kiti cha dada yake kwa nguvu. Siku ile hakutaka makofi, hakutaka sifa za watu wa Milimani. Alitaka mama yake aseme "Sheryl". Hata mara moja, hata kwa kunong'ona. Aliamini kwamba mama asipolitamka yeye, hakuna mwingine atakayethubutu, na hapo dada yake atakuwa amezikwa mara ya pili.

"Mama, ikikuchosha uniambie, tutatoka," alisema.

"Nitoke niende wapi? Na nimevaa mpaka viatu vya Pasaka."

Mureithi aliingia, watu wakapiga makofi. Ndiye mwongozaji wa okestra, kijana mrefu wa Nyeri, mpole, aliyehamia Kisumu mwaka jana na ambaye mpaka leo hula samaki kwa woga wa miiba. Yeye na Beldina walikuwa wamevutana kwa jambo moja tu. Katikati ya kazi ile Beldina aliandika kimya. Si pumziko la kumeza mate, la, kimya kirefu, kirefu cha kutia watu wasiwasi.

"Hapo hakuna mtu kugusa chombo," alimwambia kwenye mazoezi. "Hapo ni pa Sheryl."

Mureithi akakubali mwishowe. Alisema atainua mkono juu na kuushikilia hivyo hivyo, ili ukumbi mzima ujue muziki haujaisha. Wakaona wamepanga vizuri. Laiti wangemuuliza mzee yeyote wa Seme!

Muziki ukaanza, na mwanzoni ulikuwa pumzi tu, wapiga filimbi wakipuliza bila kutoa sauti. Halafu fidla zikaingia, pinde zikiburuzwa kwa wepesi juu ya nyuzi, shwaa, shwaa, shwaa. Mpiga ngoma akapapasa ngozi kwa viganja, na sauti ikawa ya maji yanayomiminwa kutoka mtungi mmoja hadi mwingine. Mwanga wa ziwa ulikuwa unacheza darini. Watu wa Kombewa walilegea mabega, mmoja mmoja, na hata wale waliokuja kushangaa tu wakaacha kushangaa. Beldina hakujua tena kama yuko ukumbini au yuko kitandani nyumbani, saa ile ambayo hujafungua macho lakini unasikia ufagio uwanjani na unajua kuna mtu aliyeamka kabla yako, kwa hivyo unaweza kulala kidogo tena. Fidla ziliendelea kufagia. Zilifagia mpaka ikawa hakuna kuta, hakuna viti, kuna umande na harufu ya vumbi lililolowa.

Mama Apiyo alikaa wima ghafla.

"Ni nani huyo anafagia?" aliuliza chini kwa chini.

Beldina alimgeukia.

Ndipo okestra ikanyamaza. Mureithi akainua mkono juu, akafumba macho.

Sasa nikuulize wewe. Umezaliwa Seme. Umekulia kwenye nyuzi za nyatiti na ngoma za ohangla, ambako muziki ukimkolea mtu huinua mkono, wapigaji wakasimama, naye akajisifu mbele ya watu: jina lake, kwao, wapenzi wake, maajabu yake. Hiyo ndiyo pakruok, na sherehe isiyokuwa nayo watu hurudi nyumbani wakinung'unika. Leo muziki umekukolea barabara, mara unakatika, na mkono uko juu. Utaelewa nini? Utaona yule kijana wa Nyeri ana heshima, amewapa wenyeji nafasi.

Frankline, mwenyekiti wa chama chao cha mazishi, hakungoja kuombwa. Alisimama, akakunjua kifua.

"Mimi ndiye Frankline wa Kombewa! Jembe lisiloogopa mawe! Mkwe anayekula akashiba na bado akaombwa arudi kesho!"

"Sema, baba!" wakaitikia safu za mbele. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele hadi mpiga tarumbeta akaruka. Nyuma, wajuzi wa Milimani walitazamana kwa macho makubwa. Mureithi alifumbua macho, mkono ungali juu, uso umemwiva. Hakuwahi kufundishwa la kufanya mtu anapojisifu katikati ya kimya.

Beldina aliona giza. Ilikuwa hasira tupu. Mahali pamoja duniani alipomwachia dada yake, na Frankline ameingia na jembe lake! Aliinuka ili amkalishe chini, mwenyekiti au si mwenyekiti, lakini mkono ukamshika sketi na kumvuta akarudi kitini.

Ulikuwa wa mama yake. Mama Apiyo alimwegemea bega, akasimama. Alirekebisha kitambaa cha kichwa. Alikohoa.

"Mimi ni Apiyo, nyar Asembo, binti wa Asembo," alisema.

"Sema, mama!"

Akarekebisha kitambaa tena. Watu wa Kombewa, waliokwisha kujua nini kinakuja baada ya jina na kwao, walishusha macho wote kwa pamoja, maana baada ya hapo mwanamke hutaja mtoto wake wa kwanza. Frankline akakaa chini taratibu. Uchungu wa mwana aujua mzazi, na hakuna aliyeweza kumsaidia hapo.

"Mimi ndiye Mama Sheryl," alisema.

Hakuna aliyeitikia. Beldina alishika mdomo kwa mikono miwili.

"Nimesema mimi ni Mama Sheryl!" Sasa alipaza sauti, karibu kwa ugomvi. "Sheryl mwenye domo! Sheryl wa kufagia uwanja asubuhi akiwaimbia majirani uongo mtupu! Sheryl aliyekula kichwa cha samaki kabla baba yake hajanawa hata mikono, akaapa ni paka! Na paka hatukuwa naye!"

Kicheko kikapasuka, na ndani yake kilio, huwezi kuvitenga. Kigelegele kikapanda tena, safari hii viwili, vitatu. Mpiga fidla mmoja alikuwa ameinamisha kichwa, anajifuta kwa mkono wa shati.

Mkono wa Mureithi ulianza kutetemeka kwa uchovu. Alimtafuta Beldina kwa macho, akimuuliza bila kusema: niushushe? Maana akiushusha, okestra itaingia, na mwanamke huyu atakatizwa. Beldina alikuwa analia na kucheka, kamasi na machozi pamoja, bila aibu yoyote. Akatikisa kichwa. Hapana. Ngoja.

Mureithi akaushika mkono wake uliochoka kwa ule mwingine, akauegemeza hewani. Mama Apiyo alivuta pumzi, akaanza kuwasimulia siku Sheryl alipozaliwa.