Gemu za Ukungu

Siku Avit alipofariki, vijana walikuwa katikati ya mechi, na Edvina hakujua mashine inazimwaje.

Simu ilikuja mchana. Aliyepiga alikuwa Rwekaza, kaka mkubwa wa Edvina na Avit, kutoka hospitalini Bukoba. Edvina alimsikiliza akiwa amesimama mbele ya cherehani, pini mdomoni, na alipomaliza kusikiliza alizitoa pini akazichomeka kwenye kimto chake, moja baada ya nyingine. Kisha akachungulia upande wa pili wa ukuta wa plaiwudi, akawaomba vijana watoke. Hakusema sababu. Walimtazama usoni, wakaweka pedi za gemu chini, wakatoka bila kudai dakika zao. Akafunga mlango, akaenda stendi kutafuta gari. Nyuma yake TV ilibaki inawaka. Wachezaji walisimama uwanjani wakihema, wakibadilisha mguu huu na huu, na mashabiki waliendelea kuimba bila kuchoka, mpaka umeme ulipokatika jioni.

Chumba kilikuwa kimoja, karibu na stendi ya Muleba, na ndugu hao wawili walikuwa wamekigawana. Mbele, upande wa barabara, Edvina alishona sare za shule na magauni ya kipaimara. Nyuma ya plaiwudi, Avit, mdogo wake, alikuwa na TV, mashine ya gemu na mabenchi. Siku nyingine zote zilikuwa za mpira. Jumamosi alasiri ilikuwa ya Avit mwenyewe.

Jumamosi aliweka gemu ambazo hakuna mtu mwingine Muleba aliyezitafuta: mji uliohamwa, shule isiyo na wanafunzi, mtu anayetembea peke yake kando ya ziwa akitafuta kitu asichokijua. Bunduki haikuwepo, au ikiwepo haikuwa na risasi. Ya kwanza ilikuwa na ukungu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo watu wakaziita zote gemu za ukungu. Mtu mmoja alishika pedi, wengine walikaa nyuma yake wakimwelekeza, na polepole mabenchi yakajaa watu wazima ambao hawakuwahi kufikiri kwamba gemu inawahusu.

Mshika pedi alikuwa Privatus, muuza nyama. Alikuwa mtu wa kumwangusha ng'ombe peke yake, lakini akiona kwenye gemu mlango uliofunguka nusu, aliuliza kwa upole kama hakuna njia nyingine. Nyuma yake alikaa Ma Alistidia, aliyeuza ndizi za kuchoma na kahawa za kutafuna pale nje. Aliingia mara ya kwanza kukwepa mvua, akabaki. Yeye ndiye aliyeleta sheria. Nyumba ya watu, alisema, haiingiwi kimya kimya. Tangu siku hiyo, kila Privatus alipofika kwenye mlango wa gemu, benchi zima lilipiga hodi, na Ma Alistidia akaitikia karibuni kwa niaba ya wenyewe, kwa sababu hodi isiyoitikiwa ni mbaya kuliko hicho wanachokiogopa. Avit aliicheka sheria hiyo mpaka akakaa chini. Kisha akaifuata.

Edvina hakuziona gemu hizo. Alizisikia. Kazi ya cherehani inataka macho yawe kwenye mshono, masikio inayaacha huru. Alisikia nyayo juu ya mbao, maji yakidondoka mahali fulani, muziki ulioanza mbali kiasi kwamba ungedhani ni redio ya jirani. Kuna Jumamosi ambazo mguu wake uliacha kukanyaga bila yeye kuuamuru. Avit alikuwa anajua. Cherehani ikinyamaza, aligonga plaiwudi kwa kidole.

"Hii nzuri, eh?"

Naye alikanyaga tena haraka, akajibu kwamba uzi umekatika.

Jumamosi ya mwisho kabla Avit hajalazwa walimaliza gemu waliyokuwa nayo. Uso wa Avit ulikuwa umeshavimba. Aliwaambia iko nyingine, nzuri kuliko zote alizowahi kuzisikia, ataitafuta akiwa Bukoba na kurudi nayo. Privatus alimwuliza jina la gemu hiyo.

"Mtaijua ikifika," alisema Avit.

Walimzika Kanazi, kwenye kibanja, shamba la migomba la baba yao. Matanga yalipokwisha, Edvina alirudi Muleba, na vijana wakamfundisha kuwasha na kuzima mashine. Mpira ukaendelea. Ilipofika Jumamosi, Privatus na Ma Alistidia walikuja wakakaa mahali pao pa siku zote, na wengine baada yao, wakatazama TV ambayo haikuwa na kitu. Edvina aliwawekea gemu ya zamani. Walijua kila kona yake. Privatus alifungua milango kama mtu anayefunga duka.

Jumamosi iliyofuata walipungua, na vijana wakaja kumwomba kwa adabu: kwa kuwa wazee hawana gemu, siku hiyo nayo iwe ya mpira. Edvina aliendelea kukunja pindo la sketi. Siku nyingine za wiki alikuwa ameshazoea kwamba Avit hayupo. Jumamosi, sauti ya Privatus ikisikika nyuma ya plaiwudi, ilikuwa kama Avit ametoka kidogo kwenda kununua vocha. Wakiichukua Jumamosi, atakuwa amekufa wiki nzima.

Aliwaomba wampe wiki moja. Ataileta ile gemu ambayo Avit aliisema. Akishindwa, Jumamosi ni yao.

"Inaitwaje, dada?"

"Sijui."

Walikubali papo hapo.

Bukoba aliingia kwenye duka la Ashish, ambako Avit alikuwa akinunua gemu zake. Duka lilikuwa la babu yake, lilianza na vitenge na taa za chemli, sasa liliuza simu, chaja na gemu zilizotumika. Ashish alikuwa wa rika la Avit. Alimpa pole, akafuta kaunta ambayo haikuwa na vumbi. Avit, alisema, ndiye mteja pekee aliyewahi kumrudishia gemu kwa sababu ina watu wengi mno. Lakini ile ya mwisho hakuijua. Avit alisoma habari zake kwenye simu, akaja na nusu ya maelezo: ina mvua, haina haraka.

Akatoa boksi zima la diski kutoka chini ya kaunta, akaunganisha mashine. Edvina alichukua kigoda, akakigeuzia barabarani, akatoa kwenye mkoba shati la mtoto lililohitaji pindo.

"Dada Edvina, TV iko huku."

"Najua iliko. Weka."

Ashish akaweka. Kitu kikanguruma. Edvina akasema atoe, huyo anajitangaza kabla hajafika. Iliyofuata ilikuwa na fidla nyingi. Akasema muziki unamwamuru aogope, na yeye hapendi kuamriwa. Nyingine ilikuwa na mtu aliyeeleza kila kitu alichokiona, kama mtangazaji wa mpira. Ashish alianza kwa kumwonea huruma, lakini baadaye akanogewa. Aliweka diski, akafumba macho asikilize, na mara nyingine alisema "hapana" kabla Edvina hajasema. Bibi yake, Parvati, alipoleta chai, alimkuta mteja ameipa TV mgongo na mjukuu wake amefumba macho, akauliza taratibu kama ni sala, asije akaikatisha.

Waliendelea hivyo mpaka boksi likakaribia kwisha. Kulikuwa na diski moja isiyo na kasha. Ilipoanza ilinyesha mvua, na mvua yenyewe ilikuwa na mahali: ya karibu ilipiga mabati, ya mbali ilipiga majani. Mlango ukafunguka. Nyayo zikapita kwenye mbao, zikafika kwenye kitu laini, zikasimama. Baada ya hapo hakukuwa na kitu. Ilikuwa saa ya ukutani tu, na mvua.

Sindano ya Edvina ilikuwa imesimama katikati ya pindo.

"Inaitwaje?"

Ashish aliigeuza huku na huku. Maandishi yalikuwa ya Kijapani, au ya watu wa jirani zao.

"Ndiyo aliyoitaka Avit?" aliuliza Edvina.

"Sijui, dada."

"Na mimi sijui," alisema, akaifunga ndani ya shati, akaiweka mkobani.

Jumamosi mvua ilinyesha Muleba pia, na watu waliobanana kwenye mabenchi hawakuweza kutofautisha mvua ya TV na ya juu ya bati. Vijana wa mpira walikuja wote, wakasimama nyuma wakiwa na diski yao ya mpira tayari. Edvina aliwasha mashine, akampa Privatus pedi, akarudi kwenye cherehani kumalizia gauni jeupe.

Ilikuwa nyumba ya ghorofa, peke yake juu ya kilima. Privatus akatembea mpaka mlangoni. Benchi likapiga hodi, Ma Alistidia akakaribisha, wakaingia. Ndani meza ilikuwa imeandaliwa. Chakula kilifuka moshi. Kiti kimoja kilikuwa kimeanguka. Hapakuwa na mtu.

Privatus alisema kwa sauti ndogo kwamba wamechukuliwa na kitu.

"Viatu vyao viko wapi?" aliuliza Ma Alistidia.

Wakatafuta. Pale mlangoni kulikuwa na kibao cha kuwekea viatu, kitupu.

"Basi wameondoka kwa miguu yao," alisema. "Wameacha chakula, wamevaa viatu, wamekimbia. Wamepata taarifa ya msiba hao. Wameenda kuzika."

Upande wa pili wa plaiwudi cherehani ilipunguza mwendo. Hapakuwa na mtu kwenye mabenchi yale ambaye hakuwahi kuacha chakula namna hiyo. Kijana mmoja alimweleza bibi huyo kwamba hii ni gemu ya kutisha, watu hao wameliwa. Ma Alistidia akamwuliza kama aliwahi kusikia kitu kinachokula watu kikiwasubiri kwanza wafunge kamba za viatu.

"Sasa nifanyeje, Ma?" aliuliza Privatus. "Nifungue kabati?"

"Utapekua nyumba ya wafiwa? Kaa uwasubiri."

Mtu yeyote anayejua gemu angewaambia wanakosea. Gemu inataka ufungue droo, utafute ufunguo. Wao walisubiri. Privatus alimkalisha mtu wake kwenye kiti, akaweka pedi magotini. Ma Alistidia akapitisha kahawa za kutafuna, na kila mmoja akachukua punje, hata vijana, wakicheka chini chini. Kwenye TV moshi wa chakula ulikwisha. Mwanga wa dirishani ukahama kutoka mezani kwenda sakafuni. Hakuna aliyejua kwamba gemu inaweza kufanya hivyo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukaa kimya ndani yake muda mrefu namna ile.

Na kwa kuwa walikuwa wamekaa kama watu wanavyokaa matangani, wakaanza kuzungumza. Privatus akasimulia Avit alivyomkopesha ujasiri kwa kumshika bega kwenye ile gemu ya shule, kumbe mwenyewe amefumba macho. Mwingine akakumbuka Avit alivyokataa kuwasha taa siku mende alipompanda mguuni, eti ataharibu hali ya hewa. Walicheka. Vijana nao walikuwa na yao: Avit hakuwahi kushinda hata mechi moja ya mpira, na kila mara aliwalaumu waamuzi.

Mguu wa Edvina uliacha kukanyaga. Alikaa na gauni mapajani, akisubiri kidole kigonge plaiwudi. Hakikugonga. Akachomeka sindano mahali pake, akainuka, akazunguka ukuta. Watu walisogea bila kugeuka, akapata nafasi mwisho wa benchi.

Ndipo juu, kwenye ghorofa, kiti kikaburutwa.

Privatus alimtupia kijana wa karibu pedi. Kijana akamrudishia.

"Kuna mtu juu," alisema Privatus.

"Lazima awepo," alisema Ma Alistidia. "Huyo ni mgonjwa wao, na mtu wa kumwangalia. Watu wakienda kuzika, mgonjwa haachwi peke yake."

Edvina alimfikiria Rwekaza hospitalini, akimenya chungwa. Kaka yake alimsimulia kwamba Avit hakulila, alilinusa tu, akasema limeiva vizuri.

"Tupande?" aliuliza Edvina. Watu wakageuka kumtazama, kwa sababu hawakuwahi kumsikia upande ule wa ukuta siku ya Jumamosi.

"Leo hapana, waitu," alisema Ma Alistidia, akimbembeleza kwa Kihaya. "Kwa mgonjwa hupandi na matope, mikono mitupu. Tutapanda tukiitwa."

Vijana wakapinga wote kwa pamoja. Hakuna atakayewaita, hii ni gemu, ngazi ile pale, kazi yake ni kupandwa. Ubishi ulitoka mpaka nje, ukaendelea kwenye jiko la ndizi. Mmoja wao alirudi kumwambia Edvina kwamba Jumamosi ijayo pedi anashika yeye, asimpe mtu.

Sasa Jumamosi Edvina huifunika cherehani mapema, na vijana wa mpira hukaa benchi la mbele. Wameshaizunguka nyumba ile yote kwa nje. Wameshaokota kuni, wameshawafungia kuku waliokuwa wakilowa, na Privatus amekiinua kile kiti kilichoanguka. Ngazi bado hawajaipanda.