Mguu wa Cherehani

Nisiwafiche, mimi ni fundi cherehani na mdomo wangu una mbio kuliko mkasi. Miaka ishirini wateja wananisikiliza nikisema hapa pamepinda, pale pamebana, na wanakubali. Basi mke wangu aliponiambia nimpeleke bintiye kwenye darasa la muziki, mzazi na mtoto wajifunze pamoja, nikacheka. Kupiga makofi nako kunasomewa?

Binti ana miaka tisa. Nilimwoa mama yake mwaka jana, na tangu hapo mtoto alikuwa akiniamkia shikamoo, kisha anapita zake. Lakini siku mwalimu wa darasa hilo alipomchagua kupiga ngoma kubwa kwenye onyesho la watoto, mimi nikiwa bado sijaanza kwenda, alikuja mbio kibandani kwangu kuniambia mimi wa kwanza. Jamani, nilifurahi hadi nikakata suruali ya mtu ikawa fupi.

Basi nikaanza kwenda naye. Mwalimu, mama mmoja mpole, alitufundisha kuhesabu moja mpaka nne bila kukimbia wala kuchelewa. Moja unaipiga kwa nguvu, zinazofuata kwa mkono mwepesi, kisha unarudi moja. Binti alishika ngoma, mimi nikapiga makofi. Tukaanza vizuri, tukafika katikati, tukaachana.

"Nyie wawili mnapotezana," mwalimu akasema. "Nani anatoka nje ya mapigo?"

"Huyu hapa," nikamnyooshea kidole mbele ya wazazi wote. "Anavuta miguu."

Mtoto akainamisha kichwa. "Nitajirekebisha," akasema.

Na kweli alijirekebisha. Wiki nzima kila jioni alikuja na ndoo ya plastiki, akaigeuza chini juu kando ya cherehani yangu. Mimi nahesabu, yeye anapiga. "Kaza, unachelewa! Haya, tena!" Ilipofika Ijumaa tulikuwa tunakwenda pamoja bila kuachana hata kidogo. Kichwa kikanivimba.

Kesho yake, somo la mwisho kabla ya onyesho, mwalimu aliweka mezani kisanduku kinachogonga, tok, tok, tok, akataka kila mtu apige peke yake akikifuata. Nikajitokeza wa kwanza, nani kama mimi! Duru ya tatu nilikuwa nimeshakiacha nyuma. Nikashtuka, nikasita, kikanipita. Watoto wakaangua kicheko.

"Unafanya kazi gani, baba?" mwalimu akauliza.

"Fundi cherehani. Ile ya kukanyaga."

"Ndiyo maana. Mshono ukinyooka unakanyaga, kona ikija unapunguza. Mapigo hayana kona."

Nikacheka nao, lakini masikio yalikuwa yanawaka. Halafu akaitwa binti. Akakimbia palepale nilipokimbia mimi, akasita palepale niliposita. Ulikuwa mguu wangu kabisa, umehamia kwenye mikono ya mtoto. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Mbona wiki iliyopita ulikuwa unapatia?" mwalimu akamuuliza. Mtoto akaangalia vidole vyake.

Aibu niliyoiona hapo sikujua niiweke wapi. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasimama. "Mwalimu, mimi ndiye niliyemharibu. Nilimsingizia. Yeye alikuwa sawa."

"Nimeshaona," akasema taratibu. "Ila onyesho ni kesho, na hili halinyooki kwa siku moja. Ngoma itabidi apige mwingine."

Binti akaweka vijiti juu ya meza, kimoja kando ya kingine, akaenda kukaa nyuma kabisa.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilitembea hatua moja nyuma yake, maana kumtazama usoni nilishindwa.

"Nisamehe, mama," nikamwambia. "Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nakimbia, wala sikujua."

"Mimi nilijua," akasema. "Tangu siku ile ya kwanza."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niliogopa utakasirika, uache kuja na mimi."