Taa Haziongezi Mwendo

Mwenye ukumbi wa gemu alimwambia kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma zaidi. "Mama, vijana wanaona haya kucheza ukiwepo. Tuelewane tu."

Mshonaji, mjane mwenye wajukuu, alikuwa ametoka kuwashinda hao vijana mbio za magari mara tatu mfululizo. Aliweka padi ya kuchezea mezani, akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga.

Nyumbani alimkuta wifi yake, dada wa marehemu mumewe, akipepeta mchele. Waliishi pamoja tangu msiba.

"Nitaunda yangu," akasema.

"Ukumbi?"

"Kompyuta. Ya gemu."

Wifi mtu akaacha kupepeta. "Hivi kaka yangu alijua alichooa?"

"Alijua. Ndiyo maana alikuwa mkimya."

Habari zilimfikia mwanawe, karani wa benki, naye akaja mbio na tai yake shingoni. "Mama, pesa ni zako, sikatai. Ila watu watasemaje?"

"Watasema. Midomo ni yao."

"Si ununue televisheni kubwa, utulie, uangalie?"

"Televisheni haigeuki nikikata kona, mwanangu."

Jumamosi mawifi wawili wakaongozana hadi kwenye duka la vifaa vya kompyuta. Muuzaji alikuwa bwana mmoja mwenye miwani iliyopandishwa kwenye paji la uso. Kitu cha kwanza kuwaonyesha kilikuwa kasha la kioo lenye taa nyekundu na buluu zikizunguka ndani.

"Hili litapendeza sebuleni, mama zangu."

"Taa zinaongeza mwendo?" Mshonaji akauliza.

"Hapana, kusema kweli."

"Basi rudisha."

Katika kazi yake alishaona wengi wanaonunua vifungo vya dhahabu kwa kitambaa kinachochuja rangi kikifuliwa mara ya kwanza. Akachagua kasha la mtumba lililobonyea ubavuni, na prosesa, ubongo wa kompyuta, iliyokwishatumika lakini bado ina nguvu. Fungu kubwa akaliweka kwenye kadi ya picha, kwa kuwa ndiyo inayochora barabara, miti na magari ya wenzako unapoyapita. Aliishika mkononi kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ampakate.

"Hiyo inakula umeme," muuzaji akaonya. "Usibanebane kwenye pawa, kile kisanduku cha kugawa umeme."

Lakini bajeti ilikuwa imefika ukingoni, na kadi hakuwa tayari kuiachia. Akachukua pawa ya bei ya chini kabisa.

Wifi akamvuta mkono. "Mtu kakwambia."

"Nimesikia."

"Umesikia, hujasikiliza."

Waliiunganisha wenyewe juu ya meza ya kukatia nguo, video ya mafunzo ikienda kwenye simu, wifi akishika skrubu na kulalamika kwamba macho yake si ya kazi hizo. Jumapili mchana ikawaka. Karani naye alikuwepo, amekunja mikono mlangoni. Mama yake akaingia barabarani, akapita gari la kwanza, la pili, akaikaribia kona ya mlimani. Kitu kikalia ta! ndani ya kasha. Kioo kikawa cheusi, harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumba.

"Nilijua," karani akasema.

"Ulijua nini? Kwamba pawa ni mbovu?"

"Nilijua haya mambo si ya..."

"Malizia."

Karani akaenda kufungua dirisha. Mama yake akachukua bisibisi, akaanza kulegeza skrubu. Aliona aibu, tena sana, kwa sababu kosa lilikuwa lake na alionywa. Lakini aibu hiyo ilikuwa ya pawa. Ya kucheza hakuwa nayo, na hakukubali mtu azichanganye.

Akapokea kazi ya sare za shule, kazi aliyokuwa ameapa hataigusa tena kwa jinsi inavyochosha mgongo. Akazimaliza, akanunua pawa ya maana. Kwa bahati vingine vyote vilikuwa vimesalimika.

Tangu hapo, kila alasiri hufunga cherehani na kukaa kwenye kompyuta, dirisha wazi, feni ikinguruma hadi barabarani. Siku moja mteja alibisha hodi katikati ya mbio. Wifi akachungulia chumbani, akanong'ona, "Nimwambie umelala?"

"Nani kalala?" Mshonaji akasema bila kuondoa macho kwenye kioo, na kwa sauti ya kufika mlangoni. "Mwambie nacheza. Akiweza, asubiri."

Mteja akavuta kiti, akasubiri.